Kazi ya onlaini, halafu unaambiwa ununue kadi ya Google Play: tuongee

MwenyeSaiba_Naks (mwanzilishi wa uzi)
Jumanne, saa 1:12 usiku

Wadau habari za jioni. Mimi niko Nakuru, nina saiba ndogo huku Free Area, mashine nne na printa moja ya kunitia wazimu. Naandika hii kwa sababu ya kitu kimetokea leo mchana na mpaka saa hii sijatulia.

Ameingia msichana hivi, miaka ishirini na kitu, mpole, ana bahasha ya kaki ya vyeti kwapani, akaniuliza kama nauza kadi za Google Play. Nikamwambia hapana, hapa ni kutoa kopi na mambo ya KRA na eCitizen. Akauliza basi naweza kumsaidia kununua moja mtandaoni ya dola 50, pesa iko kwa M-Pesa. Sasa hizo kadi mimi nazijua kwa vijana wa gemu, na huyu hakukaa mtu wa gemu hata kidogo, nikamuuliza za nini. Akasema amepata kazi. Kusikiliza sauti na kuziandika, kampuni iko Marekani, dola 18 kwa saa, na hiyo kadi ni ya kufungua programu ya kazini, atarudishiwa na mshahara wa kwanza.

Nikamwambia dada kaa kwanza. Akanionyesha simu. Barua ya kuajiriwa iko na nembo, iko na sahihi, na chini kuna muhuri wa duara wa rangi ya bluu wenye tarehe katikati. Hapo nikacheka kidogo kwa roho, kwa sababu muhuri kama huo ni ugonjwa wetu sisi huku, sisi ndio tunaamini karatasi ikishapigwa muhuri. Aliyetengeneza hiyo barua anatujua vizuri. Intavyu ilifanyika Telegram, kuandikiana tu, dakika ishirini, hakuna sauti hakuna sura. Na wakati tunaongea huyo meneja alikuwa anaandika kila dakika mbili tatu: umefika dukani? umepata? kuna wengine wanangoja hiyo nafasi. Halafu ikaingia moja ambayo ndiyo ilinimaliza kabisa: mwenye duka akikuuliza, usimwambie ni ya kazi, mwambie ni zawadi ya binamu yako.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Mbona hataki M-Pesa? Hakuwa na jibu. Na kwangu mimi jambo lote liko hapo. Ukituma M-Pesa jina linatokea, hata kabla hujamaliza simu inakuonyesha unatumia fulani bin fulani, laini imesajiliwa na kitambulisho, kuna mahali pa kuanzia ukienda polisi. Namba ya kadi haina jina la mtu. Ukishamtumia ni kama umetupa noti nje ya dirisha la matatu ikienda, mwenye kuiokota ndio yake. Anaiingiza kwa akaunti yake ama anamuuzia mtu mwingine kwa bei ya chini, na huyo mwingine wala hajui imetoka wapi.

Ameondoka akisema atafikiria. Hakukasirika lakini pia hakuniamini, niliona machoni. Inawezekana saa hii ashanunua kwingine. Kwa hivyo naomba wale yamewapata ama wanajua zaidi waandike hapa, akirudi nimwonyeshe asome mwenyewe.

---

Wuod_Nyalenda
saa 1:30 usiku

Dola 18 kwa saa na huko kwetu mtu anabeba mawe siku mzima kwa mia tano. Omera, hata mimi ningenunua hiyo kadi 😂

---

MwenyeSaiba_Naks
saa 1:34 usiku

@Wuod_Nyalenda unacheka lakini ndio hivyo. Hakuwa mjinga. Ana digrii.

---

NyarLolwe
saa 2:05 usiku

Nimesoma hii nikiwa nimekaa kitandani na nimeamua leo nitasema, sijawahi kumwambia mtu nje ya nyumba. Mimi niko Kisumu. Yalinipata mwaka jana mwezi wa nane.

Yangu ilikuwa kuingiza data. Tangazo nililiona kwa kikundi cha Facebook cha kazi, nikatuma CV kwa baruapepe, kesho yake wakajibu. Wakanifanyia mtihani hata, kurasa tatu za kuchapa upya, nikazifanya usiku nikarudisha, wakasema nimepata asilimia 94. Hiyo 94 ilinifurahisha sana jamani. Nimemaliza chuo 2021, tangu hapo hakuna mtu alikuwa ameniambia nimepita kitu chochote.

Kadi ya kwanza ilikuwa dola 25. Nilinunua kwa tovuti fulani nikilipa na ile kadi ya Visa ya M-Pesa ya kulipia vitu vya nje. Nikatuma namba. Baada ya dakika kumi ananiambia haisomi, mfumo umeikataa kwa sababu ni ya kiasi kidogo, ninunue ya 50 halafu ile 25 itarudi yenyewe. Nikanunua. Nayo haikusoma. Sasa hapa ndipo mtu angeshtuka, lakini mimi nilikuwa nafikiria ile 75 yangu itarudi vipi nikiacha, si unaelewa, nilikuwa sinunui kazi tena, nilikuwa nanunua pesa zangu zirudi.

Ya tatu ilikuwa 100, na ikabidi ni ya mkononi, ya karatasi, ati hizo za mtandaoni ndizo zinasumbua. Nikampigia binamu yangu yuko Minnesota. Nikamdanganya ni ya shule. Akaenda supermaketi ya huko akanunua, mwenye kaunta akamuuliza kama kuna mtu amempigia simu akamwambia anunue, kwa sababu huko wanajua, hata wamebandika karatasi za onyo hapo kadi zinapotundikwa. Binamu akasema hapana ni ya dada yangu mdogo. Akakwaruza akanitumia picha WhatsApp. Ile picha bado ninayo. Kadi imelala kwa kiti cha gari, kidole gumba chake kimeishika, na kwa ukucha kuna ule unga wa kijivu wa kukwaruza. Kila nikiiona nasikia vibaya kwa sababu yeye pesa hiyo alifanyia kazi usiku kwa nyumba ya wazee.

Jumla yote ni elfu ishirini na mbili na ushee. Elfu tisa ilikuwa ya nyumba, nyingine Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na ya binamu nalipa mpaka leo. Caretaker alipokuja mwisho wa mwezi mama yangu alisema kitu ambacho sasa tunacheka lakini siku hiyo hakuna aliyecheka, alisema kodi ya nyumba imekuwa kodi ya kadi.

---

MwenyeSaiba_Naks
saa 2:11 usiku

Pole sana dada. Asante kwa kuandika. Hiyo ya "haisomi" sikuijua.

---

Mulembe_Kakamega
saa 2:20 usiku

Hiyo ya haisomi ndio utamu wao. Namba ilisoma vizuri sana dada, ilisoma dakika ileile. Wanakuambia haikusoma kwa sababu mtu ambaye ashatoa mara moja ni rahisi kutoa tena kuliko kutafuta mtu mpya.

---

Mzee_wa_Webuye
saa 2:48 usiku

Wanangu hamjambo. Mimi ni mzee nimestaafu, mjukuu ndiye ameniwekea hii programu. Naomba mnieleweshe, hizi kadi ni kama zile za kukwaruza tulikuwa tunaweka salio kwa simu? Na kama ni hivyo kampuni kubwa ya Marekani inataka salio la nini kwa mtoto wa Kakamega?

---

ChapaKazi_Lurambi
saa 3:02 usiku

Shikamoo mzee. Ndiyo, ni kitu kimoja na ile kadi ya salio. Mtu ananunua kadi ya Google Play ama Apple ama Steam ya gemu, anampa mwenzake kama zawadi, yule anakwaruza anaingiza namba anapata salio la kununua programu, gemu, vitu kama hivyo. Imetengenezwa iwe zawadi. Haikutengenezwa kulipia mshahara wala mafunzo wala mashine. Na hilo swali lako la mwisho mzee ungeliandika kwa ukuta pale stendi lisomwe na kila mtu.

Hata huko kwao ni shida. Tume yao ya biashara, FTC, kwa ripoti walizopokea 2023 peke yake watu walisema wamepoteza zaidi ya dola milioni 200 kwa njia ya hizi kadi, na hao ni wale waliojitokeza tu. Na msimamo wao ni mmoja, anayekuambia umlipe kwa kadi ya zawadi ni tapeli, haijalishi anajiita nani.

Kule wana nyingine mbaya zaidi. Unaajiriwa, unatumiwa hundi ya kununua vifaa vya ofisi, unaiweka benki, kesho unaona pesa imeingia kwa akaunti. "Mwajiri" anasema hiyo iliyobaki nunua kadi utume namba. Unatuma. Wiki mbili baadaye benki inagundua hundi ni feki inachomoa pesa yake yote, na wewe ndiye unadaiwa, kwa sababu kule benki inalazimika kukuachia pesa mapema kabla hundi haijathibitishwa kabisa. Mkiwa na ndugu huko wanaotafuta kazi za nyumbani waambieni.

---

Mzee_wa_Webuye
saa 3:15 usiku

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Hii ni pata potea.

Nyinyi vijana labda hamkuiona sana. Stendi ya basi, mtu ana karata tatu na kisanduku, anazungusha, wewe unaona kabisa ile ya kushinda iko wapi. Kuna jamaa pembeni anaweka shilingi ishirini anashinda, anaweka hamsini anashinda. Unaweka mia yako unashinda. Unaweka ya kununulia mbolea, karata imehama. Yule jamaa wa pembeni ni mwenzake. Mimi nilipoteza pesa ya mbolea mwaka 1978 pale Eldoret na sijawahi kumwambia mke wangu mpaka akafariki.

---

Kondele_Finest
saa 3:31 usiku

Mzee umenimaliza kabisa 😂😂 pole lakini.

Na umepatia, kwa sababu mimi iliyonipata ilikuwa hivyohivyo na wala haikuanza na kadi. Nilitumiwa meseji WhatsApp ati kazi ya kupenda video, tatu kwa siku, kila moja shilingi hamsini. Nikafanya, wakatuma 150 kwa M-Pesa, pesa ya ukweli, nikanunua chapo na maharagwe. Siku ya pili tena 150. Siku ya tatu wakaniingiza kwa kikundi cha Telegram chenye watu kama themanini, kila mtu anaweka skrinshoti amelipwa elfu nane, elfu kumi na tano, asante meneja, Mungu akubariki meneja. Sasa kuna "kazi za kulipia kwanza", unaweka elfu mbili unarudishiwa elfu mbili na mia sita. Hiyo nilirudishiwa kweli. Nikaweka tano. Ikakwama, ati nimekosea hatua, niweke kumi na mbili kuifungua, na safari hii walikuwa wanataka namba za kadi ama USDT, ile sarafu ya mtandaoni.

Hao watu themanini ndio jamaa wa pembeni. Niliachia hapo kwenye tano. Elfu tano yangu toa ile walinipa, hesabu yenu.

---

Baba_Wawili_Njoro
saa 3:50 usiku

Mimi nitapinga kidogo. Mwenye uzi unasema hapo juu kwamba M-Pesa jina linatokea kwa hivyo ni salama. Mkuu usitulize watu hivyo. Wakora wa M-Pesa wako tele na jina linatokea vizuri sana, ni jina la nyanya fulani ambaye hata hajui ana hiyo laini. Mimi nilitapeliwa elfu tatu, jina lilitokea, nikaenda nalo polisi, mwenye jina kumbe ni mtu wa heshima zake hajui lolote.

---

MwenyeSaiba_Naks
saa 3:58 usiku

@Baba_Wawili_Njoro hapo umenirekebisha, nakubali. Niseme hivi basi: M-Pesa ina mahali pa kuanzia hata kama njia inaishia kwa nyanya. Kadi haina hata hapo. Na ukikosea kutuma unaweza kupeleka ule ujumbe kwa 456 ya Safaricom kuomba irudishwe, kama pesa bado iko na mwenzako akakubali. Namba ya kadi ikishatumika huna kwa kuipeleka.

---

ChapaKazi_Lurambi
saa 4:06 usiku

Na sasa tuulizane, hicho kitambulisho cha nyanya kilitoka wapi? Kwa fomu kama hizi. Dada NyarLolwe, walikuomba picha ya kitambulisho?

---

NyarLolwe
saa 4:09 usiku

Mbele na nyuma. Na selfi nikiwa nimeishika. Siku ya kwanza kabisa kabla ya mtihani.

---

ChapaKazi_Lurambi
saa 4:17 usiku

Ndio hivyo. Watu wanahesabu hasara ya elfu ishirini wanasahau hiyo. Piga *106# sasa hivi, utaona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba huijui nenda duka la kampuni ya simu waitoe, beba kitambulisho chenyewe. Na ukipata nafasi angalia ripoti yako ya CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo, usije ukaambiwa una mkopo wa programu ambayo hujawahi kuisikia.

Mimi nafanya hizi kazi miaka sita sasa, niko hapa Lurambi, nalisha watoto nazo, kwa hivyo sitaki uzi uishie kwa "kazi za onlaini zote ni uongo" kwa sababu najua ndiko tunaelekea. Kuna mahali unalipa kweli. Upwork kwa mfano, mtandao wa kutafutia kazi za onlaini, wanauza kitu wanaita Connects, unazitumia kuomba kazi. Lakini angalia tofauti, unalipia ndani ya akaunti yako mwenyewe, kwa kadi ya benki ama ya simu, unapata risiti, na anayekula hiyo pesa ni ule mtandao, mteja hagusi. Mteja akikwambia tutoke hapa twende Telegram siku ya kwanza mimi hufunga hapohapo. Na mafunzo, serikali ina Ajira Digital tangu 2016, wanafundisha bure, kwa hivyo mtu akikuambia ulipe "ada ya mafunzo ya Ajira" ujue hilo jina ameliiba tu.

Kitu kingine sitaki kukisema lakini nitasema. Wengi wetu huku tunakodi akaunti. Unalipa mtu elfu kadhaa unafanyia kazi akaunti yenye jina la mzungu ama ya mtu ashapita mtihani. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Wakora wanajua pia. Ndio maana kuna ile ya "nunua kadi ya dola 30 nikupe akaunti iliyo tayari", na ukishapigwa utamshtaki nani, utamwambia polisi ulikuwa unanunua akaunti ya kudanganya kampuni? Nina rafiki yalimpata akanyamaza kimya. Nami mwaka wa kwanza nilikodi, nisijifanye mtakatifu.

---

Shuhuda_77 (mwanachama mpya)
saa 4:25 usiku

Poleni nyote. Mimi pia nilipoteza dola 400 za kadi lakini namshukuru Mungu kuna mtaalamu wa kimitandao alinisaidia nikarudishiwa yote ndani ya masaa 24. Yeye hulipwa kidogo tu mwanzoni. Anayehitaji aniandikie inbox. NyarLolwe dada yangu wewe hasa.

---

Wuod_Nyalenda
saa 4:27 usiku

Heh.

---

Mulembe_Kakamega
saa 4:28 usiku

Mnaona? Mnaona?? Tumekaa hapa masaa matatu tunawaongelea na mmoja ameingia amekaa kwa kiti.

@Shuhuda_77 umejiunga leo saa kumi jioni, ujumbe wako ni mmoja, na umemtaja dada mmoja pekee ambaye amesema ana uchungu. Huyo mtaalamu wako analipwaje? Usiniambie ni kwa kadi.

---

Shuhuda_77 (mwanachama mpya)
saa 4:33 usiku

Hapana ni Steam card ndogo tu ya kuwezesha mfumo

---

Wuod_Nyalenda
saa 4:33 usiku

😂😂😂😂😂 NI STEAM CARD NDOGO TU

---

Kondele_Finest
saa 4:35 usiku

Nimeanguka. Admini tafadhali usimfute kwanza tumwangalie vizuri.

---

Admini_3
saa 4:41 usiku

Nimemfungia. Ujumbe wake nimeuacha makusudi. Wengine watatu wamejisajili usiku huu kutoka hapohapo, tumewazuia. Mkiandikiwa inbox na yeyote wa kurudisha pesa nitumieni skrinshoti.

---

NyarLolwe
saa 4:50 usiku

Ashaniandikia inbox kabla hata hajaandika hapa. Alijua jina la kampuni ile feki iliyonila. Mimi sikulitaja kwa huu uzi.

---

MwenyeSaiba_Naks
saa 4:53 usiku

Hiyo imenisimamisha nywele. Inamaanisha ni walewale, ama wameuziana majina. Aliyelia jana anapigiwa hodi leo.

Dada, ulienda polisi?

---

NyarLolwe
saa 5:01 usiku

Sikuenda. Niliona aibu. Nilifikiria wataniuliza na digrii yako yote?

---

Askari_Mstaafu_Bsm
Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Nimeamka nikakuta huu uzi. Dada, nenda. Mimi nimekaa kwa dawati la ripoti miaka mingi na nakuambia walimu wanakuja, wachungaji wanakuja, nimeshaandikia ripoti meneja wa benki. Atakayecheka ni mmoja, na huyo hata ukienda kuripoti umeibiwa kuku atacheka.

Ukienda usiende mikono mitupu. Beba picha za kadi mbele na nyuma, risiti ya binamu kama bado anayo, zile baruapepe, majina ya akaunti za Telegram, na ujumbe wa M-Pesa wa siku ulilipia. Usifute yale mazungumzo hata kama yanakuumiza kuyaona, wengi hufuta kwa hasira halafu wanakuja hawana kitu. Upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha ripoti cha kituo, kabla hujatoka hapo. Tuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, inayashika haya mambo. Kuna pia simu ya bure ya DCI, wapelelezi wa polisi, 0800 722 203. Na kama waliwahi kukutumia SMS za kawaida za utapeli, Safaricom wanazipokea ukizipeleka 333.

Sikuahidi pesa itarudi. Kwa kadi, ukweli ni kwamba nafasi ipo zile dakika za kwanza tu. Mtu akishtuka mara moja aandikie kampuni yenye kadi siku hiyohiyo, namba ikiwa haijatumika wanaweza kuizuia. Lakini picha ya kitambulisho chako ikija kutumika kwa ubaya, hiyo OB ndiyo itakayosema wewe ulikuja mapema.

---

Kampasi_Njoro
saa 2:44 asubuhi

Nyongeza ndogo, mimi nasomea kompyuta. Ukipewa tovuti ya kampuni, tafuta WHOIS halafu uweke ile anwani, inakuambia imesajiliwa lini. Kampuni ya "tangu 1998" yenye tovuti ya wiki tatu, kwisha maneno. Angalia pia anwani yenyewe kwa makini, wanachukua jina la kampuni halali wanaongeza kistari na neno "careers" ama "jobs" mwishoni. Andikia kampuni halali kwa anwani iliyo kwa tovuti yao, sio ile umepewa. Picha ya meneja unaweza kuitafuta kwa Google Lens, mara nyingi ni daktari wa meno wa mahali fulani ambaye hajui chochote.

Lakini pia nikubali, hizi zote mtu hufanya akiwa ameshtuka tayari. Ukiwa umeambiwa umepata 94 hufungui WHOIS.

---

NyarLolwe
saa 6:10 mchana

Hiyo ya mwisho umesema ukweli.

Niko kituo saa hii, nimengojea kidogo. Nilipiga *106# jana usiku, kuna laini moja siijui. Moja.

---

Mzee_wa_Webuye
saa 6:22 mchana

Binti yangu umefanya vizuri. Mama amekusindikiza?

---

NyarLolwe
saa 6:25 mchana

Ndiyo baba. Amekaa hapa kando anauliza kila askari kama amekula.

---

NyarLolwe
saa 10:03 jioni

OB nimepata. Afisa alikuwa mwanamke, hakucheka, aliandika kila kitu, ila neno Telegram aliniomba nimtajie herufi moja moja. Ile laini wameifunga pale duka la simu, ilichukua dakika kumi. Kampuni ya kadi niliwaandikia jana usiku, wamejibu zote tatu zilitumika siku ileile. Ile waliyoniambia "haisomi" ilitumika dakika nne baada ya kutuma. Dakika nne.

---

MwenyeSaiba_Naks
saa 11:40 jioni

Wadau, amerudi.

Amekuja saa tisa hivi, sikuwa namtarajia. Kumbe jana hakununua. Alienda nyumbani akamwandikia yule meneja, basi hiyo dola 50 mnikate kwa mshahara wa kwanza, mimi sina shida. Meneja akasema sera ya kampuni hairuhusu. Akamwandikia tena, basi nipatie namba ya M-Pesa nitume huko. Akajibiwa kwamba yeye si mtu wa kutaka kazi, anapoteza wakati wa watu, halafu akafungiwa. Barua ya kuajiriwa ikafutwa kwa mazungumzo lakini alikuwa ashaihifadhi.

Nikamwachia mashine namba mbili akasoma huu uzi wote kimya, nusu saa, mimi namtolea mwanafunzi mmoja kopi. Alipofika kwa Shuhuda_77 nikamsikia anacheka. Alipofika kwa dada NyarLolwe hakucheka, akaniuliza kama naweza kumwambia pole, nikamwambia ataingia mwenyewe amwambie.

Kitambulisho alikuwa ametuma. *106# tumepiga pamoja, ziko mbili zake tu, lakini nimemwambia apige tena mwisho wa mwezi.

Kabla aende akaniomba nimtolee ile barua yenye muhuri, kwa rangi. Printa ikakataa mara mbili kama kawaida yake, ya tatu ikatoka. Nikadhani anaipeleka polisi, na nakala moja kweli ameipeleka. Nyingine ameiacha, akaniambia niibandike.

---

Kondele_Finest
saa 11:46 jioni

Weka picha mkuu, tuone huo muhuri.

---

MwenyeSaiba_Naks
saa 11:58 jioni

Iko hapo chini. Nimeibandika juu ya kaunta, karibu na bei za kopi. Jina lake nimelifunika na karatasi. Angalieni tarehe ya muhuri, mimi mwenyewe sikuiona jana: tarehe 31 Juni.

---

Wuod_Nyalenda
saa 11:59 jioni

Juni ina 31? 😂

---

Mzee_wa_Webuye
saa 12:15 jioni

Nimehesabu kwa vidole vya ngumi. Haina.